Arubaini ya Mzazi: Nani Anamwangalia Mama?



Mama zangu na bibi zangu mliokaa mbele, kina baba mlioitikia mwito, wakunga na wauguzi, na nyinyi mabinti ambao jambo hili bado liko mbele yenu, nakushukuruni kwa kunipa jioni hii.

Nitasema neno langu mapema, kisha nilitetee. Siku ambazo mwanamke aliyejifungua yumo hatarini zaidi ndizo zile zile ambazo sisi watu wa Unguja tunamweka ndani. Tunamweka ndani kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamewalea wengi wetu tuliomo humu. Lakini tunamwangalia kwa macho tu, na maradhi yanayoua wazazi aghalabu hayaonekani kwa macho mpaka yameshakomaa. Kwa hivyo sikuja kuwaambia muiache arubaini, yaani zile siku arubaini za ndani. Nimekuja kuwaombeni muitimize: ndani ya siku hizo aingie mkunga mwenye kipimo cha presha, kiingie kipimo cha homa, ihesabiwe damu inayotoka, na awepo mtu wa kumuuliza mama habari zake yeye, mbali na za mtoto.

Kwa Tanzania nzima, utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo 556 vya wazazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulipata 104. Hiyo ni hatua kubwa, na waliohangaika kuileta wanastahiki shukurani. Hata hivyo, waliobaki katika hesabu hiyo ni watu, kila mmoja ana jina na ana mtoto aliyemwacha. Na tuzingatie kwamba wataalamu wanapohesabu vifo vya uzazi hawaishii siku ya kujifungua. Wanahesabu mpaka siku ya 42. Bibi zetu waliishia arubaini. Pande zote mbili zimeona jambo moja: mwili wa mzazi unahitaji kiasi cha wiki sita kurudi mahali pake, na katika muda huo usiachwe peke yake.

Arubaini yetu ilivyo

Desturi hii ina umri mrefu. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zikachapwa Ujerumani mwaka 1886, na humo ameeleza namna watoto wa jumba la kifalme walivyopokewa na kulelewa tangu siku zao za mwanzo. Mtoro bin Mwinyi Bakari naye, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapwa mwaka 1903, ameziandika habari za mimba, mkunga na uzazi kwa watu wa mrima. Tuliyoyarithi hayakuanza jana.

Mtazameni mwanamke wa uzazi wa kwanza katika mitaa yetu ya Ng'ambo au Mkunazini. Mimba ikishakuwa kubwa anarudi kwao, akazalie mikononi mwa mama yake. Akishajifungua anapewa chumba cha ndani. Kitanda kimetandikwa mpira, juu yake kanga kuukuu zilizofuliwa mpaka zikalainika. Pembeni pana chetezo cha udi. Asubuhi na jioni mama yake, au bibi aliyeitwa kwa kazi hiyo, anamkanda kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani, kisha anamfunga mkaja tumboni. Anakunywa uji wa pilipili manga, analetewa supu ya kuku wa kienyeji, pweza, habasoda na asali. Hapiki, hafui, hafagii. Mume analala kwingine. Siku ya saba inachinjwa akika. Siku ya arubaini anatiwa hina, anafukizwa, anatolewa nje na mwanawe, na nyumba inajaa vigelegele.

Msiyaone hayo kuwa madogo. Dada zetu waliozalia London, Muscat au Toronto wanayajua zaidi kuliko sisi, maana wameyakosa. Mtu ametoka hospitali jana, leo yuko jikoni peke yake na mtoto begani, na mama yake anamsikia kwenye simu tu. Kupumzishwa, kulishwa, kuondolewa kazi na kuwa na watu wazima karibu usiku na mchana ni sehemu kubwa ya tiba ya mzazi. Sisi tunayo, na hatukuinunua.

Upungufu wake uko mahali pamoja. Arubaini imejengwa juu ya jicho la mtu mzima, na yapo mambo ambayo jicho halifiki.

Siku za damu, siku za presha, siku za homa

Hatari za baada ya kujifungua zina nyakati zake. Anayezijua nyakati hizo anajua atazame nini na lini.

Saa 24 za mwanzo ni za damu. Mtoto na zalio wakishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa ujikaze ili mishipa iliyokuwa ikimlisha mtoto ijifunge. Usipojikaza, damu inamwagika. Mkunga anajua hali yake kwa kuweka kiganja tumboni, usawa wa kitovu au chini yake kidogo. Mfuko uliojikaza unaguswa kama balungi bichi: wa mviringo, mgumu, haubonyei. Ukiwa laini, mkono unazama na huoni mpaka wake uko wapi. Hapo mkunga anausugua papo hapo mpaka urudi ugumu, anamsaidia mama akojoe, kwa sababu kibofu kilichojaa kinauzuia mfuko kujikaza, anamweka mtoto kwenye ziwa, na anaita wenzake. Ndiyo maana mzazi aliyejifungua salama hospitali anatakiwa abaki pale walau saa 24. Jamaa wanaowasihi wauguzi wamruhusu baada ya saa nne, kwa kuwa gari limeshakuja na wageni wamejaa nyumbani, wanamtoa kwenye ulinzi katika saa anazouhitaji kuliko zote.

Na akishafika nyumbani, hesabuni pedi. Damu ya uzazi ya kawaida inapungua siku hadi siku, na rangi yake inafifia. Pedi kubwa ikiloa chapa ndani ya saa moja, au yakitoka mabonge makubwa, au mama akaona kizunguzungu na moyo kumwenda mbio, huyo wa kukimbizwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Nasema hesabuni, maana kukadiria hakutoshi. Hata mkunga hodari akitazama damu iliyomwagika kwenye shuka anaiona kidogo kuliko ilivyo. Mwaka 2023 yalichapwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, wa kuweka chini ya mzazi, pamoja na utaratibu wa kuanza matibabu yote kwa pamoja mara damu ikifika kiwango cha hatari. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Nyingi ya dawa zilizotumika zilikuwako tangu zamani. Kilichoongezwa hasa ni kipimo, na kutosubiri.

Siku ya tatu mpaka ya sita ni za presha. Watu wengi wanaamini kwamba mtoto akishatoka, presha ya mimba imekwisha. Kumbe presha inaweza kupanda upya baada ya kujifungua, na kilele chake ni siku hizo, wakati mama ameshakuwa kwao, mlango umeshindikwa. Inaweza kumpata hata ambaye mimba yote hakuwa nayo.

Tuchukue mzazi wa mfano, yuko siku ya tano. Kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Bibi anasema ni usingizi, mtoto amelia usiku kucha. Anapakwa mafuta na kufungwa kitambaa. Adhuhuri anaona vimulimuli machoni, na maumivu yamemshika chini ya mbavu upande wa kulia. Pana anayesema ni chango. Jioni kifafa kinampiga, na hapo wanatokea wa kusema ni shetani, aitwe mganga. Katika nyumba ile hakuna mwenye nia mbaya. Bibi alikuwa karibu na alimwona akiumwa na kichwa. Kilichokosekana ni mkanda wa presha kwenye mkono wa mzazi asubuhi ile, kazi ya dakika mbili. Presha ikifika 140 kwa 90, mzazi aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Kifafa cha uzazi kina dawa, sindano ya magneziamu salfeti, ambayo hospitali zetu wanaijua na wanaitumia. Lakini sindano haimfikii aliyefichwa chumbani.

Wiki ya kwanza na ya pili ni za homa. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaona wenzake wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuwahudumia wazazi, na wazazi wakifa kwa homa. Akawataka waoshe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka mno katika miezi michache. Leo dunia inajua kwamba homa ya uzazi hupita mikononi mwa watu. Sisi tutazame mikono yetu: ya anayemkanda mzazi, ya anayemsafisha mshono, ya mgeni anayetoka sokoni akainamia kitanda. Tutazame na kanga za damu. Kwa haya zetu tunazifua usiku na kuzianika ndani, mahali pasipofika jua, na mama anazivaa zikiwa na unyevu. Zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani, zikauke kweli. Akitaka sitara, zifunikwe kwa kanga nyingine nyepesi juu yake.

Joto la mwili likifika 38, damu ikitoa harufu mbaya, chini ya kitovu kukiuma zaidi kila siku badala ya kupungua, au mshono ukivimba na kutoa usaha, hiyo si homa ya maziwa ya kungojewa ipite. Aende hospitali.

Kutoka kwenda kituoni hakuvunji arubaini

Shirika la Afya Duniani linashauri mzazi aonwe na mtaalamu katika saa 24 za mwanzo, kisha kati ya saa 48 na 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Hesabuni wenyewe: mara tatu za mwanzo zote zimo ndani ya arubaini. Tukisema mzazi hatoki mpaka siku ya arubaini, tumemnyima zote, tukambakishia ile ya mwisho peke yake.

Najua kinachowazuia wengi. Wapo wanaoona kumtoa mzazi ni kumwanika kwa wenye kijicho, na wapo wanaodhani dini imemfunga. Masheikh wetu waliomo humu watanisahihisha nikiteleza, lakini hukumu za nifasi, yaani damu ya uzazi, hasa ni za sala, saumu na tendo la ndoa. Hazikumzuia mgonjwa kutibiwa, wala mzima kwenda kutazamwa. Na Qur'ani inapotusimulia uzazi wa Bibi Maryam, inatuonesha kwamba yeye mwenyewe alishughulikiwa katika uchungu wake: aliwekewa maji karibu, alipewa tende mbivu, na alitulizwa moyo. Mama alitazamwa.

Basi mzazi avishwe baibui lake, asindikizwe na mama yake, aende kituo cha afya cha shehia, arudi kitandani kwake. Na anayeshindwa kutoka, kituo kije kwake. Wizara ya Afya ya Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, ambao wajitolea wake wanapita nyumba kwa nyumba na simu zinazowaongoza maswali ya kumuuliza mjamzito na mzazi. Mmoja wao akibisha hodi asiishie ukumbini kwa kuambiwa mzazi amelala. Mwingizeni ndani.

Tena simu yenyewe ni msaada. Mwaka 2009 na 2010 hapa hapa Unguja ulifanywa utafiti wa wanawake 2,550 waliokuwa wakihudhuria vituo 24 vya afya. Baadhi yao walitumiwa ujumbe wa simu na kupewa vocha ya kuwapigia wahudumu. Katika vituo vilivyotumia utaratibu huo, asilimia 60 ya wanawake walizaa mikononi mwa mtaalamu, wakati katika vituo vingine walikuwa asilimia 47. Mzazi akilala na namba ya mkunga wake kwenye simu, hajalala peke yake.

Ya kushika na ya kurekebisha

Bibi zangu, sasa nasema na nyinyi hasa, kwa sababu nyinyi ndio wenye chumba kile.

Chakula chenu shikeni. Supu ya kuku, pweza, dagaa na samaki vinamrudishia mama damu na nguvu. Mzidishieni mchicha, kisamvu, matunda na maji mengi, wala msimkatalie chungwa au embe kwa kuhofia mtoto ataumwa na tumbo. Vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki aviendeleze kwa wiki sita mpaka kumi na mbili baada ya kujifungua, na asivinywe na chai, maana chai inazuia mwili usiipate ile dawa.

Mkaja fungeni, lakini kwa kiasi. Ukifungwa vizuri unampa nafuu ya mgongo na tumbo lililolegea. Ukikazwa mpaka pumzi haishuki, uzito wote unasukumwa chini kwenye misuli ya nyonga, ambayo ndiyo kwanza imetoka kwenye kazi nzito. Aliyejifungua kwa upasuaji asifungwe juu ya mshono mpaka aliyemtibu aruhusu, wala asikandwe tumbo kabisa.

Maji ya kukanda yawe ya uvuguvugu. Mkono uliozoea jiko miaka hamsini hausikii moto, kwa hivyo usiwe ndio kipimo. Jaribuni kwa ndani ya kiwiko. Aliyechanika au kushonwa njia ya uzazi asikalishwe kwenye maji ya moto wala ya chumvi kali. Asafishwe kwa maji safi, akaushwe, abadilishe pedi mara kwa mara. Na dawa za kubana, majani, ndimu, unga wa aina yoyote unaotiwa ndani ya njia ya uzazi, hizo ziacheni kabisa. Pale pana kidonda kisichoonekana, na kila kinachotiwa kinapeleka uchafu mpaka kwenye mfuko.

Fukizeni udi, lakini fungueni dirisha. Makaa ya chetezo katika chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala humo ni mtoto wa siku tatu na mama aliyepungukiwa na damu.

Na mwacheni atembee. Kupumzika ni kuondolewa kazi, wala si kulazwa arubaini nzima bila kunyanyuka. Damu ya mwanamke aliyejifungua ina wepesi wa kuganda, na akilala sana bonge linaweza kufanyika mguuni na kupanda kifuani. Anyanyuke tangu siku ya kwanza, atembee ukumbini, ashuke uani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimbana ghafla, ni dharura.

Ziwa likijaa na kuuma, mtoto aendelee kunyonya, maana kumwachisha ndiko kunakozidisha. Likiwa jekundu, la moto, na homa imepanda, atahitaji dawa ya hospitali. Na wakati wa Ramadhani mnyonyeshaji anayehofia nafsi yake au mwanawe ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Msimtie haya akiitumia.

Moyo nao unazaa

Siku ya tatu au ya nne mzazi anaweza kulia bila sababu anayoijua. Jambo hilo ni la kawaida, na aghalabu linapita kabla ya wiki mbili kwisha. Lisipopita, ni maradhi. Haoni raha ya chochote, halali hata mtoto akilala, anajiona si mama, hamtaki mtoto au anamhofia kupita kiasi, na pengine anafikiri heri asingekuwapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiasi cha asilimia 13 ya wanawake waliojifungua wanapatwa na maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea wanakaribia asilimia 20. Katika kila wazazi watano wa mtaa, basi, mmoja anaweza kuwa anaumia kimya.

Kwetu anaumia kimya zaidi, kwa kuwa anaambiwa ashukuru. Amepata mtoto mzima, mwenzake kakosa, analia nini? Wengine wanamwambia ni husda, na wanasoma. Kusoma dua ni kheri, na atakayesomewa asomewe. Lakini dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari, na maradhi ya moyo wa mzazi yana tiba: mazungumzo na mtaalamu, msaada wa kazi za usiku, na dawa zinazotumika hata kwa anayenyonyesha. Na akianza kusikia sauti, kusema maneno yasiyounganika, au kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika, apelekwe hospitali siku ile. Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, ni hospitali kama nyingine. Aibu tuliyoipachika jina lake imewachelewesha wagonjwa wengi.

Anayelipa na anayebeba

Kina baba, tusijitoe. Katika desturi ya harusi zetu pana kilemba cha baba na mkaja wa mama. Huo mkaja anapewa mama wa bibi harusi, kwa kukumbuka tumbo alilolifunga alipomzaa yule binti. Ukoo wa mume unalipa baada ya miaka ishirini na zaidi. Ni heshima nzuri. Basi heshima hiyo tuilipe pia wakati tumbo lenyewe limefungwa: nauli za kwenda kituoni siku ya tatu na ya saba ziwe zimewekwa kabla mtoto hajazaliwa, namba ya mwenye gari wa usiku ijulikane, na isiwe kwamba mzazi anatoka damu huku watu wanangoja mume arudi baharini ndipo itolewe ruhusa. Ruhusa itolewe mapema, mbele ya mama mkwe, iwe imekwisha.

Tena tuwakumbuke kina mama wa mwani. Tangu kilimo hicho kilipoanza kibiashara upande wa mashariki wa Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, wanawake ndio wengi wa wakulima wake. Kazi yao inafuata bamvua. Maji yakitoka sana ndipo wanaposhuka kufunga na kuvuna, na arubaini moja ina bamvua mbili, pengine tatu. Hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Mzazi wa wiki tatu anashuka pwani kwa kuhofia vigingi vyake, anainama saa nyingi majini, anapandisha mifuko ya mwani mbichi kichwani. Uzito ule unashukia kwenye misuli ya nyonga isiyopona, na baada ya miaka tunamsikia akisema kizazi kinashuka na mkojo haushikiki. Vikundi vya mwani vinaweza kupanga zamu: mwenzetu akizaa, shamba lake linafungwa na kuvunwa na kikundi kwa bamvua tatu, naye atalipa zamu kwa atakayefuata. Kwa watu waliozoea kushirikiana majini, hilo halihitaji serikali wala mfadhili.

Baada ya kutoka

Siku ya arubaini, hina ikishakauka, aende kliniki. Mtoto anakwenda chanjo, naye mama apimwe: presha, damu, mshono, mfuko wa uzazi, na sukari kwa aliyekuwa nayo katika mimba. Azungumze na mkunga, pamoja na mumewe, juu ya kupanga uzazi. Wengi wanaamini kwamba hedhi isiporudi, mimba haingii. Mimba inaweza kuingia kabla ya hedhi ya kwanza. Kunyonyesha kunakinga ikiwa mtoto hajatimiza miezi sita, hedhi haijarudi, na ananyonya tu bila kupewa kitu kingine, usiku na mchana. Sharti moja likivunjika, itafutwe njia nyingine: vijiti, kitanzi, sindano, au vidonge vinavyomfaa anayenyonyesha. Mwili unahitaji walau miaka miwili kabla ya mimba nyingine, na Qur'ani nayo imetaja miaka miwili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha.

Ajifunze na kukaza misuli ya nyonga, ile ambayo mtu huitumia kuzuia mkojo: aikaze, ahesabu mpaka tano, ailegeze, mara kadhaa kila siku. Na ikiwa mkojo au haja inamtoka yenyewe mfululizo baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula. Hiyo inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, inawatibu kina mama hao bila malipo. Hapana mwanamke wa kisiwa hiki anayestahiki kujifungia miaka kwa jambo lenye tiba upande wa pili wa bahari.

Ndugu zangu, namalizia kwa ombi moja. Mashine ya kupimia presha ya nyumbani siku hizi bei yake haizidi ya mbuzi wa akika. Kila ukoo unaotarajia mtoto mwaka huu ununue moja, mmoja wenu afundishwe kuitumia na mkunga wa kituo, na ipite nyumba kwa nyumba mtaani kila panapozaliwa mtoto. Mzazi apimwe kila siku katika wiki ya kwanza, na namba iandikwe kwenye karatasi ukutani. Ikifika 140 kwa 90, nendeni hospitali, Mnazi Mmoja, Lumumba, Mwembeladu, Kivunge au Makunduchi, popote palipo karibu nanyi, na msingoje asubuhi.